Siku ya Kumi na Sita

Kabla sijaugua, mtaa wetu wa Langoni ulikuwa na mwezi wa Ramadhani na ulikuwa na mimi, Fahima. Mwezi uliwaambia watu wafunge, na mimi nikaangalia kama wamefunga. Nashona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kwa sindano, kazi ya kukaa, na dirisha langu la juu linatazama uchochoro mzima. Kofia moja huchukua miezi. Macho yanahitaji kupumzishwa, nami niliyapumzisha juu ya watu.

Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha huitwa kobe, kwa kuwa akisikia nyayo huvuta kichwa ndani. Jeilani, fundi cherehani, ni mimi niliyemtia jina hilo, nilipomwona akitafuna sambusa nyuma ya marobota ya vitambaa. Alijitetea kwamba ana vidonda vya tumbo. Nikasema vidonda vyake vyapenda sambusa, na maneno yakafika hadi sokoni. Siku hizi hata mkewe humwita Kobe.

Wanawake ni kazi ngumu zaidi. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, haswali, na hakuna wa kumuuliza. Lakini siku hizo zina mwisho. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulisomeshwa kwamba hedhi haizidi siku kumi na tano, na hisabu ni kitu nilichojaliwa. Mwaka jana jirani yangu Huwaida alipofika siku ya kumi na sita bado haonekani kwenye tarawehe, nilimuuliza mbele ya wenzetu: "Huwaida, mwezi wa watu wakaribia kutua. Wako weye u yuu vivyo?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Huwaida naye alicheka.

Basi mwaka huu, mwezi wa Rajabu, nikaanza kunywa maji. Nilimaliza mtungi wetu, nikaingia wa jirani. Nikakonda, na watu wakanisifu. Shoga yangu Kulthum akaniomba nimpe siri ya dawa ninayotumia. Wiki ya tatu nilianguka bafuni, nikazindukia hospitali na dripu mkononi, na muuguzi kijana wa bara, Hesbon, amesimama kando ya kitanda.

"Uko na sukari, madam," akasema. "Type one. Mwili umeacha kutengeneza insulini. Utakuwa unajidunga kila siku."

"Hadi lini?"

"Maisha."

"Mimi nina miaka ishirini na tisa. Sukari ni ya watu wazima."

"Hiyo ni ingine. Hii yako haiangalii miaka. Na ikishuka, mikono itetemeke, jasho ikutoke, kula kitu tamu haraka. Usingoje."

"Nina ugonjwa wa sukari, na dawa yake nile sukari?"

"Ndio hivyo. Na hiyo Ramadhani yenu, mwaka huu hufungi."

Nikamwombea Mungu amsamehe. Nilipotoka nikaenda kwa sheikh anayetusomesha, nikitaraji atayakanusha maneno ya mtu wa bara. Sheikh akasema ni haramu juu yangu kufunga nikijua nitadhurika. Nitoe fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Basi nikawa nimeamrishwa kula na hospitali na dini. Aliyebaki kunizuia ni mimi tu.

Ningeweza kusema. Neno moja tu mlangoni: naumwa. Lakini nani angeniamini, na ni mimi niliyeufundisha mtaa mzima kwamba kila kobe ana maradhi yake? Mama yangu, Bi Mwanamkisi, naye alikuwa na lake. "Nyamaza, mwanangu," akanambia. "Mtu wa sindano haposwi."

Nikajificha nyuma ya pazia la wanawake wote: nikajifanya niko katika siku zangu. Nilikula chumbani, nilijidunga chumbani, na nikaswali chumbani pia, mlango nimeutia komeo, kwani mwenye hedhi haswali na sikutaka nisikiwe nikileta takbiri. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza wa Langoni kuswali kwa wizi. Na bahati mbaya, mwezi wangu wa uongo uliandama siku moja na ule wa kweli, kwa hivyo aliyetaka kunihisabia hakuhitaji hata vidole. Siku ya kumi Kulthum alinitazama. Siku ya kumi na tatu alitabasamu. Tabasamu lile nalijua, lilikuwa langu.

Siku ya kumi na sita nikaamua kufunga. Nilikula daku ya watu wawili, nikajidunga kipimo kilekile cha kila siku. Sikukumbuka kuiambia sindano kwamba leo tumefunga. Kisha nikatoka kifua mbele hadi kwa Huwaida, ambako wanawake kumi na wawili tulikuwa tukitayarisha kaimati za mkesha wa Badri.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nakoroga unga. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanilowesha hadi mgongoni. Nikasema kitu, na Kulthum akacheka: "Ati nni? Fahima asema nni?" Mbele yangu, shibiri mbili tu, palikuwa na sufuria ya shira: kilo nne za sukari, na iliki. Nilijua. Naapa nilijua kwamba kijiko kimoja cha shira ile kingeniokoa, na nilijua macho mangapi yananitazama. Nikachagua kufa. Sina namna ya kulisema kwa upole zaidi. Nilikaa palepale nikingojea kuanguka, kwa kuwa maiti haitwi kobe.

Huwaida akainuka na kijiko. "Fahima, hebu nionjee shira. Mimi nimefunga."

"Kwani yeye hakufunga?" Kulthum akauliza.

Huwaida akachota, akapuliza, akanishika kidevu kama mtoto na kunitia shira kinywani.

"Imekolea?"

Nikalamba midomo.

"Hayui bado," akawaambia wenzake. "Onja tena."

Nikameza. Akachota cha tatu, cha nne, cha sita. Shira ilinichuruzika hadi shingoni, na hakuna aliyekuwa akikoroga chochote tena. Baada ya muda dunia ikarudi kidogo kidogo, na sauti ya Kulthum ikarudi nayo.

"Shoga yangu," akasema taratibu, "zako hizo ni siku ngapi yeo?"

Lilikuwa swali langu, hata ule utamu wa sauti ulikuwa wangu.

"Haziishi," nikasema. "Nina sukari, ile ya sindano. Takula mtana mwaka huu, na mwakani, hadi nife. Mwenye kutaka kuhisabu na aanze."

Wote wakasema kwa pamoja: uwatu, mlonge, shangazi wa mtu huko Kizingitini aliyepona kwa supu ya pweza. Kulthum kwa kuona haya akawa ndiye mwenye dawa nyingi kuliko wote. Neno kobe halikumtoka mtu. Nililiogopa siku kumi na sita, nikakaribia kulifia, na watu walikuwa na haraka ya kunipa uwatu.

Walipoondoka tukabaki mimi na Huwaida tukisugua masufuria.

"Uliyuaje?" nikamuuliza.

"Sikuyua. Naliona mikono."

"Mbona hukuniuliza nina nni?"

Akageuza sufuria upande wa pili. "Mwaka jana weye uliniuliza."

Nikaiweka chini sufuria yangu.

"Ilikuwa mimba," akasema. "Ya miezi mine. Ilitoka siku ya nne ya Ramadhani, na wayuao ni mume wangu na mamangu. Uliponiuliza mbele ya watu, kesho yake nikafunga. Damu ingali yatoka. Nikafunga hadi Idi."

"Lakini ulicheka," nikasema. Ndilo neno pekee nililolipata.

"Nyote mlikuwa mwacheka."

Nikamtaka radhi. Nililia pia, na machozi yangu niliyaona machache, na maneno yangu madogo. Huwaida hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe. Alikwangua shira iliyobaki, akaijaza katika kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, akakipangusa na kukifunga sana.

"Kaa nacho mfukoni," akanambia. "Siku nyingine huenda sipo."