Sidai Apita Mbele ya Kamera

Kimanzi alipokuja kuniomba ng'ombe, nilimpa bila maswali. Ungefanyaje? Huyu tuliyemjua akikimbia na kaptula iliyotoboka hapa Kitengela, babake Mutinda akichomelea watu milango, mwaka huo wa 2006 alikuwa mwelekezi wa filamu anayetajwa redioni. Filamu zake zilikuwa zimeenda Ulaya zikarudi na tuzo. Mtu kama huyo akiketi kwenye hoteli yako, akala matumbo na chapati mbili, kisha akasema anataka ng'ombe kwa siku moja tu, unaona fahari. Nikampa Sidai, yule mwekundu mwenye doa jeupe usoni.

"Ni kafilamu kadogo tu, Mama Roy," aliniambia. "Dakika saba. Nataka kuheshimu mtu fulani."

"Mtu gani?"

"Utaona."

Niliona, tena nikaona vibaya.

Siku ya kupiga picha nilimfuata ng'ombe wangu hadi uwanja ulio nyuma ya soko, maana Sidai hapendi wageni. Chini ya hema walikaa wanaume wanne wenye suti, wakijifanya wakubwa wa kampuni wanaonunua shamba. Mmoja akashika kalamu atie sahihi. Kimanzi akapunga mkono, Sidai akapitishwa. Yule wa kalamu akamtazama, akaweka kalamu chini, akainuka kwenda kumkagua masikio. Wa pili akamfuata. Wa tatu naye huyo, tai ikipepea.

Damu ilinichemka, kwa sababu mchezo huo niliujua.

Babangu, Parmuat, alifanya kazi miaka mingi katika ofisi iliyozunguka na gari kuonyesha watu filamu za kuogesha ng'ombe na kuchemsha maji ya kunywa. Alizipiga mwenyewe. Kwa mabaki ya mikanda akatengeneza filamu yake binafsi, Harusi ya Soila, na mwaka wa 1990 akaionyesha Kajiado, kwenye ukuta wa ghala uliopakwa chokaa. Baba wa bibi harusi anasimama kutoa baraka. Watu wametulia. Ng'ombe asiyejulikana anapita. Baba wa bibi harusi anaacha baraka katikati, anakwenda kuangalia alama ya sikio. Baba wa bwana harusi anamfuata, kisha bwana harusi mwenyewe, na Soila anabaki peke yake na kibuyu cha maziwa.

Hapa kwetu hakuna mwanamume anayeona ng'ombe mgeni akatulia kwenye kiti. Kwa hiyo kila mtu aliamini waigizaji wamejisahau kweli na kumharibia mzee kazi. Walicheka hadi wakashika mbavu, halafu wakaona aibu, wakapanga mstari kumpa babangu pole, mmoja mmoja, kama watu waliofika matangani. Baba aliitikia zote, akafunga mashine, na hakugusa kamera tena. Ukimtajia filamu, anakuuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Sasa Kimanzi alitaka Baba achekwe mara ya pili, na kwa ng'ombe wangu! Niliingia katikati ya hema nikashika kamba ya Sidai.

"Ng'ombe yangu haiwezi kutukana babangu!"

"Mama Roy, skiza kwanza..."

"Siskizi! Umezunguka Ulaya yote ukakosa mtu wa kuchekelea, ukaona ni huyu mzee?"

Kimanzi alivua kofia. Mtu wa tuzo, akaikunja mikononi. "Mimi nilikuwa Kajiado hiyo siku, nililetwa na baba. Hiyo filamu ndio ilifanya nipende hii kazi. Sijawahi kumwambia mzee, naogopa. Wacha nimalize, nimuonyeshe. Akikasirika, nitakupatia huo mkanda uchome na makaa ya nyama."

Nilikubali, hasa kwa sababu makaa ni yangu.

Jumapili moja alasiri tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa shuka. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Alisema anakuja kwa heshima ya Mutinda, ambaye alimchomelea lango na halijavunjika mpaka leo. Watoto walimwinamishia vichwa mlangoni kumsalimu, akawagusa mmoja mmoja kwa kiganja, kisha akaketi mbele.

Filamu ilianza. Sikuitazama, nilitazama uso wa babangu. Nilisikia ukumbi ukicheka wa kalamu alipoinuka, ukacheka zaidi wa tai alipokimbia. Hema lilipobaki tupu, kamera yenyewe ikatikisika na kukimbia kumfuata Sidai, na ukumbi ukavunjika mbavu. Baba hakucheka. Nilikuwa tayari nimeshaiona ile kanda ikiungua.

Akasimama. Akatembea na fimbo yake hadi mbele, kivuli chake kikamfunika Sidai wa ukutani. Watu wakanyamaza. Jirani yangu Florence, ambaye moyo wake ni mwepesi, akaanza, "Pole sana, mz..."

"Hapana!" Baba aliinua mkono. "Pole zenu nimekula miaka yote hii. Nimeshiba." Akamgeukia Kimanzi. "Wewe. Ng'ombe ametoka mapema."

"Ati nini, mzee?"

"Ngoja huyo wa kalamu aguse karatasi. Akigusa tu, toa ng'ombe. Mimi ile ya Soila nilipitisha mara nyingi kwa mazoezi, mpaka ikafika wakati ule baba wa bibi harusi anafungua mdomo."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Papa, kwani ulipanga?"

"Soipan," akaniita. "Ng'ombe iingie kwa picha yangu na mimi sijui? Mimi?"

"Na mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimechekesha watu, wakacheka, nikafurahi. Halafu wanapanga laini kunipa pole, na wewe ukiwa mbele. Nikajua hii kazi sijui."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimkinga babangu na kicheko, kumbe kicheko ndicho alichokitafuta.

"Mimi nilijua, mzee," Kimanzi akasema polepole. "Nilikuwa nimekaa chini, mbele kabisa. Niliona mkono wako pembeni mwa picha ukivuta kamba."

Kimanzi, mtu mzima mwenye ndevu, akaja mbele ya watu wote akainamisha kichwa kama mtoto.

"Mtu mkubwa hasalimiwi hivyo," Baba alisema. Lakini kiganja chake kilikuwa kimeshafika utosini. "Haya. Kwa filamu wewe bado mtoto. Supai."

"Ipa," akajibu Kimanzi salamu hiyo ya Kimaasai, akilia na kucheka.

Filamu ilirudishwa mwanzo. Safari hii kicheko cha kwanza kilitoka kiti cha mbele, hata kabla ng'ombe hajatokea.

Tulipotoka, watu walipanga mstari tena. Nilisukuma Florence kando nikasimama wa kwanza.

"Hongera, Papa."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Baba alinishika mkono, akaukaza. "Sidai amekunywa maji?" aliuliza. "Kesho ako na kazi. Tunarudia."