Mgongo, Hakuna

Jumatatu asubuhi, mama fundi alimsimamisha bintiye kando ya cherehani ampime sare mpya ya shule. Bega, inchi kumi na nne. Urefu, thelathini na nane. Alipozungusha futi kifuani, huko nyuma ikaning'inia tu. Akavaa miwani, akarudia, kisha akaandika daftarini: mgongo, hakuna.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu likizo," binti alijibu, macho yakiwa kwenye simu. "Si hakuna anayeuangalia."

Kwa hilo hakukosea. Mwaka mzima alikuwa ameielekea kamera, na watu mia nne waliomfuata huko mtandaoni walitaka uso. Kisichotumika huchakaa. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu hata hakuwa nalo la kuona.

Mama alikata kitambaa cha mbele tu, akaweka kamba mbili za kufungia, na kilichobaki akashonea foronya. Shuleni, mwalimu wa darasa alilalamika kwamba binti akigeuka ubavu inabidi amwandike hayupo, na rejista inachafuka. Daktari alishauri alale mapema na asikae penye upepo.

Ukweli ni kwamba binti alikuwa mpweke. Picha isipopendwa alijifungia chooni akalia, akafungua bomba ili asisikike. Mama alisikia. Ndiyo maana kila picha aliipenda yeye kwanza, akiwa pale pale kwenye cherehani, hatua tatu kutoka mlango wa choo.

Ijumaa jioni binti aliiweka simu juu ya meza ya kukatia, akaja kusimama karibu na mama yake.

"Mama, mgongo unaniwasha."

Mama hakumwambia kwamba hana. Alisogeza kiti, akapeleka mkono nyuma ya bintiye, akakuna hewa.

"Juu kidogo. Hapo hapo. Usiache."

Mama akakuna. Binti alifumba macho, mabega yakamshuka, na mama akahisi kitu cha vuguvugu chini ya kucha, chepesi kama kitambaa cha bitana.

Simu ya mama ikalia, ujumbe umeingia. Mteja alikuwa anauliza gauni lake. Mama akamjibu kwa mkono wa kushoto, kisha kwa yote miwili. Binti alingoja kidogo, halafu akaenda kuchukua yake.

Kesho yake mama alifungua daftari, akasahihisha vipimo: mgongo, hakuna. Unawasha.