Siku ya Ishirini na Moja

Semeni mnavyotaka. Nina roho mbaya, sawa. Lakini ninyi mmezaa. Mimi Dominika nimeachika mara mbili kwa kukosa mtoto, nikarudi Newala kukaa kwa mdogo wangu Abrahamu na mkewe Justina, nikawa mtu wa kufagia uwanja na kufua nepi za mtoto wa mwenzangu. Violet alikuwa na mwaka na mwezi mmoja. Kila nikimbeba, Justina anakuja mbio: "Lete, wifi, utachoka." Nani kamwambia nimechoka?

Halafu tezi ya shingo ikamshika Justina. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, mwili unakwisha. Kwenye kliniki moja Masasi wakampa kidonge chenye mionzi. Mtaalamu wao, Edson, alikitoa kwenye kikopo kizito, akaandika daftarini namba ya kidonge, jina la mgonjwa, tarehe na saa. Kisha akanigeukia mimi niliyemsindikiza.

"Dawa inatoka mwilini taratibu. Mtoto asimkaribie kwa siku ishirini na moja. Alale peke yake, awe na sahani yake, chooni mmwage maji mara mbili. Siku zikiisha nitapiga simu."

Simu ya Justina ilikuwa mbovu. Akaandika namba yangu.

Nyumbani nilimwingiza kwenye chumba cha uani. Huku kwetu jambo hilo si la mchezo. Mwali wa unyago akiwekwa ndani hatoki kwa sababu amechoka au amehesabu siku. Aliyemwingiza ndiye anayekuja kumtoa. Justina ni mzaliwa wa Chiwata, hayo kayapitia. Akaingia, akakaa. Sikuweka hata komeo.

Mwanzoni nilifuata masharti yote, haki ya Mungu. Maji hapa kwetu ni ya shida, lakini chooni nilimwaga mara mbili. Chakula nilimwekea kizingitini. Violet alilia siku nne mfululizo. Siku ya tano akalala kifuani kwangu. Siku ya kumi akanishika shavu, akaniita mama. Sokoni wauza mboga nao wakaanza: "Mama Violet, karibu mchicha!" Mnajua jina hilo linavyoingia mwilini? Miaka arobaini na mbili nilikuwa Dominika mtupu.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, simu ikaita. Edson.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leo siku zimekamilika. Mwambie Justina atoke, amchukue mwanawe. Akishatoka unithibitishie, nifunge ukurasa wake."

Violet alikuwa amelala mgongoni kwangu. Nilimsikia anavyopumua.

"Ameshatoka, baba," nikasema. "Huyu hapa, kambeba mtoto."

"Asanteni sana kwa kufuata masharti."

Akafunga ukurasa. Kwenye daftari la Masasi Justina akawa safi, hana neno. Nyumbani akabaki na sumu yake.

"Wifi, hawajapiga?" aliniuliza dirishani kila siku.

"Hawajapiga."

Abrahamu naye, akitoka kwenye mikorosho: "Dada, bado tu?"

"Bado. Unataka mwanao adhurike?" Anakwenda kuoga.

Violet alipopiga hatua zake za kwanza, alitoka kwenye mkeka akaja kwangu. Justina aliona kupitia dirisha. Alipiga makofi huko ndani, peke yake, kisha akalia. Nilimsikia vizuri sana. Nikambeba mtoto, nikampeleka mbele ya nyumba.

Wiki ya sita ilikuwa Justina arudi Masasi kupimwa damu. Nilijifanya nimesahau. Siku ya arobaini na tano Edson akaja mwenyewe na pikipiki, begani kaning'iniza kipimo cha mionzi. Akamkuta Abrahamu.

"Mgonjwa wetu hakuja kupimwa."

"Si yumo ndani bado?" Abrahamu akashangaa. "Tunangoja simu yenu."

Edson akanitazama. "Mama, si nilikupigia? Si ulisema katoka?"

Ningesema nini? Nilikaza kanga ya mtoto mgongoni.

Akaenda uani, akasukuma mlango, ukafunguka. Akampitishia Justina kipimo shingoni. "Dada, huna kitu. Wiki tatu zilizopita ungekuwa na mwanao. Na mlango uko wazi! Kwa nini hukutoka?"

"Aliyeniingiza hakuja kunitoa," Justina akasema.

Edson si mtu wa huku. Akaugeukia mlango, akatafuta komeo.

Abrahamu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimtoa Violet mgongoni kwangu, akampa mama yake, akaita gari. Akasema anawapeleka Chiwata, na akirudi asinikute.

Justina alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zake zote. Mtoto akajipinda, akampiga usoni, akamkwaruza shingo. "Mama! Mama!"

"Niko hapa, mwanangu," Justina akaitika, huku akiingia naye garini. "Niko hapa."

"Mama!" Violet alipiga kelele, kajitokeza nusu dirishani, mikono yote miwili kwangu. Justina akafuata macho ya mtoto. Hapo ndipo alipojua ni nani anayeitwa.

Gari likaanza kuondoka. Nami nikaitika kwa sauti kubwa, ili mama mtu asikie.

"Abee, mwanangu!"