Baba Huwakumbuka Waliokufa

Usingizi haumjii Tulinagwe kitandani kama unavyowajia watu wenye bahati zao. Unamjia juu ya pikipiki, mchana kweupe, katika ile barabara iliyonyooka ukishaipita Nzega, pikipiki za watu mbele yake na pikipiki za watu nyuma yake, na baba yake mgongoni amefungwa kwa kitenge kiunoni mwake asije akadondoka. Macho yanaingia uzito. Sheria ya msafara anaijua: anayesinzia anainua mkono wa kushoto, wote wanasimama, ananawa uso, anakunywa maji, na ole wake atakayemcheka. Hauinui mkono wake, ng'o. Wameshasimama mara mbili asubuhi hii kwa ajili ya mzee kwenda haja, na katika waendeshaji wote mwanamke ni yeye peke yake, sasa ainue tena mkono waseme nini? Aibu ya bure kabisa hiyo, jamani, lakini nani yuko pale wa kumwambia? Anauma mdomo, anakaza mikono kwenye usukani, anajisemea kidogo tu, kituo hakiko mbali.

Wanakwenda Kaboya, kule Kagera, walikolala askari waliokufa katika vita ya sabini na nane. Wapo vijana wa bodaboda, wapo wenye madude makubwa ya mjini yanayonguruma mpaka kifuani, kila mmoja na kibendera nyuma, na kiongozi wao ni Kamugisha, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila wanaposimama Kamugisha anaita majina. Kwanza anawaita walio hai, na kila anayeitwa anapiga honi yake. Halafu anawaita wale waliolala Kaboya, na kwa kila jina watu wote wanasimama wima na kuitikia kwa pamoja, Yupo! Hapo ndipo moyo wa Tulinagwe unapomwuma. Maana baba yake, Koplo Ambakisye wa zamani, ambaye hawezi kukwambia kama amekula au hajala, ambaye humwita binti yake nesi, humwita mama muuza maziwa, humwita wewe dada wa watu, huyo huyo likiitwa jina la Nyamhanga anasimama kwa miguu yake mwenyewe na kupaza sauti kuwashinda wote. Nyamhanga alikuwa rafiki yake, walichimba handaki moja, wakala sahani moja, akafia ubavuni mwake. Miaka yote hiyo hajamsahau hata kwa sekunde. Tulinagwe anamwonea wivu maiti, na hafichi, anamwonea wivu haswa. Yeye ndiye anayemwogesha mzee, yeye ndiye anayemlisha, na ni mwaka wa ngapi huu hajasikia jina lake likitoka katika kinywa kile. Ndiyo maana amekuja. Anajisemea kwamba wakifika kwenye kaburi la Nyamhanga labda kichwa cha baba kitafunguka, labda atageuka na kumtazama, labda atamjua. Mara moja tu. Hata akisahau tena jioni, sawa, lakini amwite jina mara moja.

Anapepesa macho, na yakifunguka pikipiki haina mlio. Inakwenda, tena inakwenda kasi, lakini kimya, na mbele hakuna mtu na nyuma hakuna mtu, na mawe ya kilomita kando ya barabara hayana maandishi. Anasema, Baba, uko sawa huko? Hajibiwi. Anapapasa kiuno, kitenge kipo, fundo lipo, na ndani ya kitenge hamna mtu. Yesu wangu! Anageuza pikipiki na barabara inageuka pamoja naye, alikotoka kumekuwa aendako, anageuza tena na inageuka tena, mpaka anaingia katika mji ambao ni Nzega na siyo Nzega, vibao vya maduka vimeandikwa kinyumenyume, na kila kilichopo kushoto kipo pia kulia. Kushoto mama ntilie anasonga ugali, kulia mama ntilie yule yule anasonga ugali ule ule. Anamwuliza wa kushoto, Shikamoo mama, hujamwona mzee mwenye koti la kijani, mrefu, hana viatu vya kufunga? Wa kushoto anaendelea kusonga, na wa kulia ndiye anayejibu, anasema, Tunamwona kila siku mwanangu, ila hajawahi kupita hapa. Kivipi mmwone na hajapita? Anamgeukia wa kulia, na wa kushoto anasema, Hata wewe tunakuona. Tulinagwe anatia gia na kuondoka, machozi yanamtoka, anautoka mji na kuingia katika mji ule ule, mama ntilie wale wale, anautoka tena, anauingia tena, na kila akiuingia jua limerudi pale pale lilipokuwa.

Kwenye mzunguko wa barabara amekaa mtu juu ya pikipiki, amevaa helmeti, kioo kimeshushwa. Tulinagwe anafunga breki mbele yake. Kaka, nisaidie, nimempoteza baba yangu. Yule mtu anasema, Kitendawili. Tulinagwe anamaka, Sina muda wa vitendawili mimi! Una wazimu? Mzee mgonjwa yuko juani! Yule mtu hatikisiki. Pikipiki ya Tulinagwe inazima yenyewe, anapiga kiki, inagoma, anapiga tena mpaka mguu unamwuma, inagoma. Maji yamemfika shingoni. Haya tega, anasema, tega basi. Yule mtu anasema, Nina nyumba, milango yote iko wazi, mwenye nyumba hapati pa kuingilia. Na Tulinagwe hafikiri hata kidogo, analia tu na kusema, Ni kichwa cha baba yangu hicho. Umepata, anasema yule mtu, nifuate. Anainua kioo cha helmeti na ndani hamna uso, hamna kitu, unaonekana upande wa pili, mbuga na mbingu. Siku nyingine Tulinagwe angekimbia mpaka kwao Mbeya. Leo anamfuata.

Wanakwenda na barabara inakwenda nao, inapinda na kurudi, mara ni lami, mara ni vumbi jekundu, mara ni majani yaliyolala yenye mahandaki pembeni, na kila wakipita handaki anasikia watu wanakohoa humo ndani. Halafu anauona msafara. Si wake. Ni vijana watupu, wamevaa sare za kijani, wamepanga pikipiki zisizo na namba kwenye uwanja mpana, wanataniana, wanagawana sigara. Na nyuma ya kijana mmoja mweusi mwenye pengo la jino amekaa baba yake, hana mvi hata moja, anacheka mpaka anajishika mbavu. Baba! Anarusha pikipiki chini, anakimbia, anamshika mkono. Baba, ni mimi! Kijana anamtazama kwa heshima, kama unavyomtazama mpita njia. Dada umepotea, anasema, njia ya raia ni ile pale. Tulinagwe anasema, Baba, jana nimekuogesha, nimekukata kucha, asubuhi nimekupa uji ukaukataa, nikakubembeleza ukanywa. Kijana anamgeukia mwenzake, anasema, Nyamhanga, unamfahamu huyu dada? Nyamhanga anamwangalia Tulinagwe kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo inayomwumiza zaidi. Hapana, anasema, huyu hajawahi kuitwa hapa.

Tulinagwe anamrudia yule asiye na uso, anamkamata koti. Mwambie anikumbuke! Yule mtu anasema, Hapa anakumbukwa aliyeitwa, na anayeitwa haitiki mwenyewe. Tulinagwe anasimama na maneno hayo, anayageuza, na anayaelewa. Baba yake hakumbuki walio hai. Anawakumbuka waliokufa tu, wale wanaoitwa na kuitikiwa kila kituo. Basi niite, anasema. Na honi yako ataipiga nani? anauliza yule mtu. Itupeni. Na anayekungoja Mbeya? Anayemngoja Mbeya ni Lusekelo, binti yake wa kidato cha pili, ambaye asubuhi ya safari alimfungia mkate kwenye gazeti na kumwambia, Mama usikimbize sana. Anamwona kabisa, na gazeti lake. Anaona aibu iliyo kubwa kuliko zote alizowahi kuziona. Halafu anapiga magoti kwenye vumbi na kusema, Niite hivyo hivyo. Nimechoka kuwa mtu wa kando kwa baba yangu mzazi. Niite, nakusihi, niite.

Yule mtu anaanza kuita, na sauti yake ni ya Kamugisha kabisa. Anaita jina na uwanja unajibu, Yupo! Anaita jina na uwanja unajibu, Yupo! Anaita Nyamhanga, na uwanja unatetemeka. Kisha anaita, Tulinagwe Ambakisye! Kimya. Vijana wanatazamana. Hakuna anayemjua. Tulinagwe amefumba macho, anaomba, na kimya kinazidi kurefuka mpaka anaona hata huku nako amekosa, hana pa kwenda tena. Ndipo sauti moja inatoka, peke yake, imekwaruza.

Yupo!

Baba yake ameshuka kwenye pikipiki ya Nyamhanga. Kila hatua anayoipiga kuja kwake anazeeka, mvi zinarudi, mgongo unapinda, lakini macho ni maangavu na yanamtazama yeye, yeye na si mwingine. Tuli, anasema. Tuli wangu wee, mtoto wa mvua, wewe si ulizaliwa mto umefurika, nikakuvusha kichwani ndani ya beseni mpaka mama yako akanitukana? Ndiyo baba, ni mimi. Wewe si ulikuwa unakataa kula mpaka nikuimbie? Ndiyo baba! Anacheka na kulia kwa pamoja, anamkumbatia, ananusa shingo yake, na furaha yake ni furaha ya mtu aliyepigwa. Maana hapo hapo pikipiki yake imelala pale chini, naye ananyoosha mkono kwenye honi, anaibonyeza. Hailii. Anaibonyeza kwa ngumi. Hailii. Lusekelo! anapiga kelele, nami nimefanya nini, nirudisheni! Na uwanja unamkimbia, vijana wanamkimbia, yule asiye na uso anamkimbia, anabaki na shati la baba yake mkononi analing'ang'ania.

Anafumbua macho. Majani makavu, harufu ya petroli, jua. Gurudumu moja linazunguka taratibu hewani. Baba yake amepiga magoti juu yake, mzee vile vile, mate yanamtoka, vumbi kichwani, na anamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Tulinagwe, anasema. Tulinagwe mwanangu. Huyu ni mwanangu, anawaambia watu waliosimama, mnasikia? Anaitwa Tulinagwe. Nyuma yake wapo waendeshaji, wamevua helmeti, nyuso wanazo, na Kamugisha analia waziwazi kama mtoto. Tulinagwe anataka kumwuliza, Kamugisha, unalia nini? Anaona midomo yake haimtii. Anatafuta maumivu. Mtu akianguka na pikipiki lazima aumie, kwa hiyo anatafuta mguuni, anatafuta mbavuni, anatafuta kichwani, na bado hajayapata.

Ikiwa yu hai, basi yupo safarini, na Lusekelo ana mama, na jua likizama mzee atamtazama na kumwita nesi. Ikiwa si hai, basi baba yake hatamsahau tena milele. Baba anamwinamia karibu zaidi, anamwita tena kwa jina lake lote, polepole, kama anayeogopa kulimwaga. Tulinagwe analisikia, ni tamu, na hajui amwombe Mungu lipi.