Chupa ya Nassibu na Chetezo cha Bi Mwajabu

Mtoni nzima ilijua mzee Nassibu ni bingwa wa kupiga kamba. Ndiye aliyesimulia papa aliyemeza bodaboda akaogelea nayo hadi Mafia, taa zikiwaka. Kwa hiyo alipopeleka posa kwa Bi Mwajabu, mjane wa mtaa wa pili, jibu lilirudi kavu: kwanza aje na jambo moja la kweli, ambalo yeye Bi Mwajabu ataliona kwa macho yake, ndipo wazungumze.

Tangu astaafu karakana, Nassibu alijifundisha habari za umeme kwa vitabu vya mitumba. Akatwaa chupa ya asali, akaianika mpaka ikakauka kabisa, akapitisha waya wa shaba kwenye kizibo cha nta ya mshumaa. Kwenye ncha ya ndani akaning'iniza vipande viwili vya foili, vyepesi kama ganda la kitunguu. Akasugua bomba la plastiki kwa soksi ya sufu, akaligusisha kwenye waya. Vile vipande vikaachana, vikabaki vimetanuka. Hakuna betri, hakuna umeme wa luku.

Ijumaa baada ya Alasiri akaibeba chupa yake. Bi Mwajabu alikuwa amefukiza udi, kama apokeavyo mgeni wa heshima, na chetezo kilikaa palepale mezani. Nassibu akasugua, akagusisha. Foili zikafunguka, na kabla mwenyeji hajavaa miwani, zikalala. Akarudia, zikalala tena. Jasho likimtoka, akaeleza kwamba foili zote mbili hupata chaji ya aina moja, ndiyo maana hukimbiana kama wake wenza. Neno lilimponyoka kabla hajalipima.

"Mbona hawa naona wamepatana?" Bi Mwajabu akamuuliza.

Akainua chetezo, akaenda jikoni kuongeza makaa. Nassibu akabaki na uongo mzuri kwenye ncha ya ulimi, wa jini wa nyumba asiyependa wageni. Akaumeza. Akasugua mara ya mwisho. Foili zikafunguka, na safari hii zikakaa. Akamwita mwenyeji taratibu, akiogopa hata kupumua.

Bi Mwajabu akatokea mlangoni na chetezo chenye makaa mekundu. Akaziona zimetanuka. Kila alivyosogea, zikawa zinashuka, na alipofika mezani zilikuwa zimelala.

"Moto haujaigusa chupa," alisema kwa sauti ya chini. "Haujaigusa kabisa."

Nassibu akamweleza bila kutia chumvi: joto la makaa huivunja hewa ikawa na chembe zenye chaji, nazo huufikia waya na kuifuta chaji iliyopo. Bi Mwajabu akataka kuona tena, Nassibu akisugua upya kila zilipolala. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea. Kisha akakitoa chetezo nje, wakakaa kuzitazama foili zikikaribiana polepole mno, kwa kuwa hata unyevunyevu wa hewa ya Mtoni hunyonya chaji kidogo kidogo.

"Miaka yote nafukiza humu," akasema, "kumbe hewa inafanya kazi yote hii, nami nakaa ndani yake."

Nassibu naye alikuwa anatazama.

"Alhamisi mtume mshenga. Na huko barazani, usiongeze hata chembe."

Nassibu akaahidi, akaanza kukusanya vitu vyake. Bi Mwajabu akamnyang'anya soksi, akalichukua bomba, akaanza kusugua mwenyewe.