Begi Chini ya Meza ya Kukatia

Mama Maombi alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakulipata kwenye cherehani. Alilipata kanisani, kwenye kikundi cha akina mama cha Jumatano, ambako zamu ya kuomba ilizunguka duara kiti kwa kiti. Ikifika kwake, watu walijiweka sawa, maana walijua hapo hawatoki mapema. Wenzake waliomba juu juu: wabariki wagonjwa, walinde wasafiri, amina. Yeye aliamini Mungu anataka kuelezwa. Kama ni goti, alitaja goti la kushoto. Kama ni nyumba, alimwelekeza Mungu mtaa, kona na rangi ya geti, utadhani Mungu ni mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile.

Na tusimwonee, hakuwa mnafiki. Alifunga kwelikweli, na watoto wa watu aliwalilia machozi ya kweli. Wateja walimmwagia siri zao wakati wa kupimwa, kwa sababu muda wote alikuwa na pini mdomoni, na nani ataogopa kumwambia siri mtu mwenye pini mdomoni? Kwa hiyo mdogo wake alipoingia kibandani Jumatatu moja na begi la kijivu, alikuja mahali ambapo kila mtu angekuja.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa chekechea. Mumewe, fundi vioo, alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani, kijana mtaratibu aliyewashika wazee mkono mpaka kwenye viti vyao. Mkono huohuo ulikuwa umemvunja mwalimu mbavu mwaka uliopita, na kidole mwaka huu. Watu waliambiwa ameteleza bafuni. Hakukuwa na bafu lenye utelezi kama lile mji mzima, na hakuna aliyeuliza kwa nini halimwangushi mwenye nyumba.

"Dada, niwekee hili," mwalimu alisema. "Jumamosi anaenda kufunga madirisha ya hoteli, analala hukohuko. Mimi na mtoto tunapanda basi la saa tatu asubuhi. Rafiki yangu wa chuo amenipatia shule ya kufundisha, mbali."

Mama Maombi alizitoa pini mdomoni. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Mchungaji je?"

"Nimekwambia wewe, dada."

Begi likaingia chini ya meza ya kukatia, likafunikwa kwa vipande vya vitambaa. Ndani mlikuwa na vyeti vya ualimu, nguo mbili za mama, na magauni manne ya mtoto ambayo Mama Maombi mwenyewe ndiye aliyeyashona. Mwalimu alisimama kidogo mlangoni, akamkumbatia dada yake, akaondoka haraka kama mtu aliyechelewa darasani.

Siku mbili zile Mama Maombi hakushona cha maana. Alivunja sindano tatu. Kila mwenye kibanda jirani akipita alihisi anatazama chini ya meza. Hofu ilimkaba, na yeye hakuzoea kukaa na hofu. Alizoea kuipeleka kwenye duara na kuiacha hukohuko.

Jumatano zamu ilipomfikia alikuwa ameshaapa moyoni kwamba hatataja jina. Na jina hakulitaja.

"Baba," alisema, macho ameyafumba, "kuna binti yako mmoja, simtaji, wewe unamjua. Yule aliyevunjwa kidole. Jumamosi hii saa tatu, Bwana, mtangulie njiani, yeye na mtoto wake. Na yule mtu mshike hukohuko kwenye madirisha ya watu, asirudi mapema. Lifiche begi, Baba. Lifiche."

Duara lote likaitikia amina. Shangazi wa fundi vioo, aliyekaa viti viwili kutoka kwake, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mama Maombi alitoka pale mwepesi, akala akashiba, akalala kama mtoto. Usingizi ule ndio ulioanza kumtesa baadaye, kuliko hata maneno yenyewe.

Shangazi naye hakuwa mtu mbaya. Aliona nyumba ya ndoa inawaka moto, akakimbia na ndoo. Alienda moja kwa moja kwa mwana wa kaka yake, akamweleza kwa upendo, akamsihi asiwe mkali.

Jumamosi saa mbili Mama Maombi alikuwa ameshafungua kibanda. Ikafika saa tatu, ikafika saa nne, mdogo wake hajaja kuchukua begi. Saa sita alifunga mlango, akaenda mwenyewe mpaka kwenye geti la mdogo wake. Shemeji yake alimfungulia. Alikuwa amevaa shati safi.

"Karibu, shemeji," alisema. "Mwenzangu amelala. Ameteleza."

Mama Maombi alitazama nyuma ya bega lake, akamwona mtoto amekaa kwenye ngazi na viatu vya safari miguuni. Mtoto hakumwita mama mkubwa kama siku zote. Alimtazama tu.

Mchungaji aliitisha kikao. Kwa mara ya kwanza maishani Mama Maombi alisimama kanisani bila kufumba macho, akasema, "Anampiga. Anampiga tangu mwaka wa kwanza." Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba hilo limeshafika kwa Bwana na tusimpangie. Fundi vioo akapiga magoti, akalia kamasi na machozi, na akina mama wakaanza wimbo. Kisha mwalimu akaulizwa kama amemsamehe mumewe. Watu wote walikuwa wanamtazama, pamoja na mumewe aliyekuwa chini pale akiwa amemshika kiganja chenye kidole kibovu. Akasema amesamehe.

Walipotoka nje, Shangazi alimkumbatia Mama Maombi. "Umeona?" alisema. "Maombi yako yamejibiwa. Nyumba imepona."

Tangu hapo mwalimu hakufundisha tena. Mume alisema mke apumzike. Simu ikawa moja, ya mume. Jumapili walikaa kiti cha mbele, na ibada ikiisha waliondoka kabla watu hawajasalimiana. Mama Maombi akabaki na kupima kwa macho, kazi anayoiweza. Mtoto alikuwa anarefuka. Basi siku moja alilivuta begi, akafumua upindo wa magauni manne, akashusha vidole viwili, akapindisha upya. Alijiambia kwamba siku ikifika, mtoto asikose nguo ya kusafiria. Baada ya miezi kadhaa akashusha tena.

Mwaka ulikuwa umepita na zaidi mwalimu na mumewe walipoingia kibandani. "Mshonee gauni la kanisani," shemeji alisema. "Mikono mirefu." Akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kupiga mluzi wimbo wa ibada.

Nyuma ya pazia la kupimia, Mama Maombi alipandisha mkono wa blauzi ya mdogo wake, akaona kwa nini ni mirefu. Akatoa pini mdomoni, akanong'ona.

"Begi lako lipo."

"Najua lipo."

"Nguo za mtoto nazishusha upindo kila akikua. Zinamtosha bado." "Mdogo wangu, nisamehe."

"Nilishakusamehe, dada. Siku ileile."

Mama Maombi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, matusi, hata kutemewa mate, ila si jibu hilo. Alilitamani mwaka mzima, na lilipofika halikumfanya chochote. "Basi niambie nifanye nini," alisema. "Nafunga kwa ajili yako. Kila Alhamisi nafunga, nakuombea..."

"Usiniombee."

Alisema bila hasira, kama mteja anayemwambia fundi kwamba pini inamchoma.

"Una mpango mwingine?" Mama Maombi alinong'ona. "Usinitajie siku. Niambie tu kama upo, nilale."

Mdogo wake alimtazama muda mrefu, na katika macho yale Mama Maombi alitafuta ndiyo au hapana, asipate. Hakuona mlango wala dirisha. Lile jicho lililokuwa likimwambia kila kitu tangu utoto, tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja, lilikuwa limefungwa na mtu aliyejifunza kufunga.

"Kukusamehe nimeweza," mwalimu alisema. "Kukwambia kitu siwezi tena. Pima mkono, dada."

"Mnaomba huko ndani?" fundi vioo aliuliza kutoka kwenye benchi, akacheka kidogo.

"Tunapima," mkewe akajibu.

Jumatano iliyofuata zamu ilimfikia Mama Maombi, watu wakajiweka sawa. Akafumba macho. Maneno yakaja yenyewe, mtaa, kona, rangi ya geti, chumba cha nyuma, na ghafla akajiuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza. Kama Mungu anaijua nyumba ile, na lazima anaijua, basi yeye alikuwa anamwelekeza nani? Moyo ulimuuma waziwazi, kama mbavu. Akakaa kimya mpaka aliyefuata akamgusa goti, akidhani amesinzia, na zamu ikaendelea.

Alirudi kibandani, akalivuta begi. Jumapili alikuwa amemwona mtoto akipita, ameshikwa mkono na baba yake, miguu imetoka sana. Akalitandika gauni la kwanza mezani, akageuza upindo. Hakukuwa na kitambaa kilichobaki. La pili hivyohivyo, na la tatu, na la nne. Alikuwa ameshusha mpaka ukingo wa mwisho, ule wenye nyuzi zinazofumuka zenyewe.

Aliyakunja magauni, akayarudisha begini yakiwa mafupi, akalisukuma begi chini ya meza na kulifunika. Kisha akakaa kwenye cherehani, akaweka pini mdomoni, moja baada ya nyingine, ingawa siku ile hakuwa na mteja wala nguo ya kuzichomeka.