Nusu Saa kwa Ndege

Mimi ni mtu wa anga. Barabara nimewaachia wenye muda wa kupoteza.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mzee Masele nyumbani kwake Samuye, nilipokwenda kumposa binti yake Limi. Nilikuwa na mshenga, Luka, kijana wa Shinyanga mjini niliyemchagua kwa ufasaha wake. Tangu tufike, mdomo wake ulikuwa umeshughulika na karanga tu.

Tatizo la mzee halikuwa mimi. Mimi alisema ni "kijana wa kawaida," sifa niliyoipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Tatizo lilikuwa Geita, ninakotengeneza karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

"Ni mbali," alisema. "Siozeshi mtoto mahali ambapo akiugua, mama yake anawahi arobaini."

"Mbali kwa nani, baba? Kutoka uwanja wa Chato mpaka huu wenu wa Ibadakuli, ukinyoosha angani, ni kilomita mia mbili na ushee. Nusu saa tu. Leo asubuhi nimekuja na ndege."

Ndege ya kutoka Chato kuja Shinyanga moja kwa moja mimi sijaiona, labda kipanga. Na kutoka Geita mjini mpaka kuufikia huo uwanja ni safari ya kufungasha chakula. Lakini mtu anayeposa hatoi ripoti ya usafiri.

Mzee akaguna. "Nusu saa ni ng'ombe wangapi wa kukamua?"

"Wawili, baba," nikajibu kitaalamu. "Watatu, kama hawana matata."

"Yaani nikianza kukamua, Limi anaruka huko, nikimaliza yuko hapa?"

"Atayakuta maziwa yana povu."

Uso wake ukalegea. Nikaiona ndoa inanijia, nami nikaona bora niisogelee. "Hata leo tulipopita juu ya Samuye nilikuona zizini."

"Uliniona mimi?"

"Na fimbo yako."

Mfugaji asiye na fimbo Samuye hajazaliwa, lakini mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Basi Geita ni jirani! Limebaki neno la shangazi yake. Kwetu baba hatoi binti kabla dada yake hajamtazama mkwe. Bahati nzuri amerudi leo, alikwenda kumwona mjukuu. Sesilia! Njoo umwone mkwe."

Akatoka jikoni mama mnene mwenye kanga begani. Nikainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akanitazama. Akanitazama tena. "Masele, huyu? Huyu amelala begani kwangu tangu Kahama! Tumetoka wote Geita juu ya lori la mananasi. Kila shimo anamwita mama yake. Mimi nimeshuka hapa alfajiri, yeye akaendelea mjini."

"Labda ni mwingine, dada," mzee akasema, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. "Huyu kaja na ndege."

"Ndege!" Shangazi akapiga makofi. "Suruali ndiyo hiyo hiyo. Lile nanasi alilolikalia halijakauka."

"Mlitoka Geita saa ngapi?" mzee akamuuliza.

"Jana, jua likiwa bado juu."

Karanga zikamkwama Luka kooni. Mzee akaokota kofia yake, akaikung'uta taratibu, akaivaa.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole wa kutisha, "hebu simama ugeuke."

Nikaendelea kukaa.